Nyimbo Zilizokosa Mwenyewe: Jinsi Tina Turner Alivyorudi Kwenye Chati Akiwa na Miaka 44

Wiki ya tarehe 1 Septemba 1984, "What's Love Got to Do with It" uliung'oa wimbo wa filamu ya Ghostbusters kwenye namba moja ya Hot 100, chati kuu ya jarida la Billboard la Marekani, ukakaa hapo wiki tatu. Mwimbaji wake, Tina Turner, alikuwa na miaka 44. Wimbo wake wa kwanza kuingia chati hiyo, "A Fool in Love", ulitoka mwaka 1960. Katika miaka yote 24 iliyofuata hakuwahi kushika namba moja hata mara moja, na hadi siku hiyo hakuna mwanamke aliyeimba kwa jina lake peke yake aliyewahi kufika kileleni akiwa na umri mkubwa kuliko wake.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama kisa cha ndoa: alipigwa na Ike Turner, akatoroka, akashinda. Kutoroka kulikuwa kweli na kulitaka moyo mkubwa. Lakini kati ya usiku aliotoroka na wiki ile ya Septemba kuna miaka minane, na ndani yake kuna albamu mbili zilizoanguka chali. Ukitaka kujua kwa nini albamu ya tatu ilifanikiwa, inabidi uache kidogo habari za ndoa uingie studio. Huko utakuta jambo ambalo mashabiki wengi hawalitilii maanani: karibu kila wimbo uliomrudisha ulikuwa umeshapita mikononi mwa mtu mwingine. Mmoja ulikataliwa, mwingine uliwekwa kabatini, mwingine ulitoka ukapotea. Zilikuwa nyimbo nzuri zilizokosa mwenyewe.

Usiku wenyewe ni wa Julai 1976, mjini Dallas, siku chache kabla ya Marekani kuadhimisha miaka 200 ya uhuru. Baada ya ugomvi ndani ya gari kutoka uwanja wa ndege, Ike alilala hotelini. Tina akatoka kwa mlango wa nyuma, akavuka barabara kuu kwa miguu huku magari yakipita kwa kasi, akaomba chumba katika hoteli ya upande wa pili. Mfukoni alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia petroli. Talaka ilikamilika Machi 1978. Katika mgawanyo alibaki na jina la Tina Turner, pamoja na madeni: shoo zilizokuwa zimeuzwa tiketi na hazikufanyika zilihesabiwa juu yake, na kodi ya serikali ilikuwa inamsubiri.

Jina hilo ndilo lililomlisha. Alizaliwa Anna Mae Bullock mwaka 1939 na kukulia Nutbush, kijiji cha mashamba ya pamba katika jimbo la Tennessee. Tina Turner ni jina alilobuniwa na Ike. Bila jina hilo asingepata hata kazi za hotelini. Akiwa na jina hilo alipata mialiko ya vipindi vya mchezo kwenye televisheni, ukumbi wa chakula cha jioni Las Vegas, na ziara za nchi yoyote iliyolipa. Kwa muda alikula kwa vocha za chakula za serikali. Deni lililipwa shoo kwa shoo.

Wakati huohuo kampuni ya United Artists ilijaribu kumuuza kama msanii wa kujitegemea. "Rough" ilitoka 1978, "Love Explosion" ikafuata 1979, na zote mbili hazikugusa chati kuu. Inafaa kuzisikiliza, maana zinaonyesha wazi mambo yanapoharibika. Kwenye "Rough" kuna nyimbo za kurudia za Elton John na Bob Seger, yaani roki ya gitaa nzito, pamoja na souli na vipande vya dansi, kila wimbo ukitazama upande wake. "Love Explosion" ilikimbilia disko katika mwaka ambao wasikilizaji wa Marekani walikuwa wameanza kuichoka disko. Msanii mkongwe anayekimbiza mtindo huwa anaufikia ukiwa tayari umefunga duka, kwa sababu tangu kuandaa nyimbo hadi santuri kufika dukani inapita miezi mingi.

Kosa la pili ni la kiufundi, na ninaliona kubwa zaidi. Sauti ya Tina ilikuwa na mkwaruzo, ile hali ya koo kutoa noti pamoja na chembechembe nyingi za juu yake. Chembechembe hizo zinakaa eneo la katikati na juu kidogo la masafa ya sauti, takriban kilohezi mbili hadi tano (mitetemo elfu mbili hadi tano kwa sekunde), eneo ambalo sikio la binadamu ni jepesi kulisikia. Gitaa lenye mkoromo linakaa hapohapo. Tarumbeta zinakaa hapohapo, na waitikiaji watatu wakipiga kelele kwa pamoja nao wanaingia hapohapo. Mwimbaji akizungukwa hivyo hana njia ila kupaza sauti zaidi, na akipaza wimbo mzima kuanzia ubeti wa kwanza, kiitikio kinakuwa hakina pa kwenda. Jukwaani haikuwa tatizo, maana mwili wake, miguu yake na macho yake vilifanya nusu ya kazi. Ulizeni waliomwona Accra, Ghana, Machi 1971 kwenye tamasha la Soul to Soul. Santuri haina miguu.

Prodyuza Phil Spector aliliona hilo mapema. Mwaka 1966, alipomrekodi "River Deep – Mountain High", alimwondoa kwenye utaratibu wa kupiga mayowe na kumtaka aimbe melodi yenyewe. Wimbo ulifika namba tatu Uingereza. Marekani uliishia namba 88. Pengo hilo kati ya nchi mbili lilikuwa dokezo, na ilichukua miaka 17 mtu mwingine kulifanyia kazi.

Roger Davies, meneja kutoka Australia aliyekuwa anafanya kazi na Olivia Newton-John, alikwenda kumtazama kwenye ukumbi wa hoteli ya Fairmont, San Francisco. Alikuta mwimbaji mwenye nguvu ya ajabu akiwa ndani ya shoo isiyo yake: wapigaji waliovaa suti za sherehe, wacheza shoo na nyimbo za kuwaburudisha watu wanaokula. Tina alimwambia anachotaka ni kujaza viwanja kama Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza. Kwa mwanamke mweusi wa miaka 40 mwenye madeni na asiye na mkataba wa kurekodi, hayo yalikuwa maneno mazito. Davies aliyachukua kama mpango wa kazi.

Suti zikaenda, na mapambo ya kasino yakaenda nazo. Ikaundwa bendi ndogo ya roki, na badala ya hoteli wakatafuta kumbi ambazo watazamaji wanasimama. Ukumbi uliofanya kazi kubwa ni The Ritz, New York. Walipiga hapo 1981, na kwa kuwa mji ule umejaa wanamuziki, waliokuja kutazama walikuwa na uzito. Mwimbaji wa roki Rod Stewart alikuja, na Oktoba mwaka huo akamwita waimbe pamoja kwenye Saturday Night Live, kipindi kilichotazamwa nchi nzima. Mwezi uliofuata Rolling Stones wakampa kufungua baadhi ya shoo zao New Jersey. Bado hakuwa na wimbo mpya wa kuuza, lakini vijana walionunua santuri za roki sasa walikuwa wamemwona kwa macho yao akiwa na watu wao.

Wimbo ulikuja kutoka Uingereza, tena kutoka kwa watu wa kompyuta.

Martyn Ware na Ian Craig Marsh walikuwa wamejitoa kundi la Human League, wakaanzisha kundi la Heaven 17 na mradi wa pembeni ulioitwa British Electric Foundation. Mradi ulikuwa wa albamu ya nyimbo za zamani zikiimbwa na waimbaji mbalimbali juu ya muziki wa mashine. Kwa "Ball of Confusion", kibao cha The Temptations, walimtaka James Brown. Mpango huo ukavunjika, nafasi ikaenda kwa Tina. Alipoingia studio aliuliza bendi iko wapi, akaonyeshwa Fairlight, kompyuta ya kutengenezea muziki. Albamu ilitoka 1982 na haikuuza sana, ila Ware alikuwa amesikia kitu: sauti ile yenye mkwaruzo, ikiwekwa juu ya vyombo baridi na safi, ilisimama mbele yenyewe bila kusukumwa.

Capitol, kampuni ya kurekodi ya Marekani, ilimsaini kupitia John Carter, mtu wa idara ya kutafuta wasanii aliyemwamini wakati wenzake wengi hawakumwamini. Uongozi ulipobadilika alikaribia kutemwa. Hapo ndipo David Bowie, nyota wa roki wa Uingereza, anapoingia. Mwanzoni mwa 1983 Bowie alikuwa amejiunga na EMI, kampuni mama ya Capitol, na wakubwa walipotaka kumtoa jioni mjini New York aliwaambia tayari ana miadi: anakwenda The Ritz kumtazama mwimbaji anayempenda kuliko wote. Wakaona aibu kubaki nyuma. Waliokuwa hawapokei simu za Davies walijikuta wamebanana ukumbini wakimtazama msanii wao wenyewe.

Ware na mwenzake Greg Walsh wakaitwa kutayarisha singo. Walichagua "Let's Stay Together", wimbo uliokuwa namba moja Marekani mwaka 1972 kwa sauti ya Al Green. Kwangu mimi hapa ndipo kurudi kwake kulipotokea hasa, kuliko hata kibao cha namba moja, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Al Green aliuimba kwa kubembeleza, kwa sauti nyembamba inayoelea juu ya ngoma za Memphis zinazoanza tangu mwanzo. Ware na Walsh waliziondoa ngoma zote mwanzoni. Wimbo unaanza taratibu, vinanda vimetandazwa chini kwa noti ndefu, na Tina anaingia karibu sana na maikrofoni, kwa sauti ya chini ambayo wanunuzi wake wa zamani hawakuwahi kuisikia. Unasikia pumzi. Unasikia jinsi neno linavyoanza laini na kukwaruza mwishoni tu. Halafu mapigo yanaingia, Ware na Glenn Gregory wa Heaven 17 wanaitikia kwa sauti za kiume zilizonyooka, bila pambo lolote la souli, na hapo ndipo anapoanza kuipandisha sauti. Waitikiaji hao wanafanya kazi kubwa: kwa kuwa wao wamenyooka kama rula, kila mkunjo wa sauti yake unaonekana. Angewekewa kwaya ya kanisani nyuma yake, mikunjo hiyo ingepotea ndani ya mikunjo mingine.

Singo ilitoka Uingereza Novemba 1983 ikafika namba sita. Mahali ilipotoka palikuwa na maana. Chati ya Uingereza wakati huo ilihesabu mauzo ya dukani peke yake. Wimbo ukipendwa kwenye vilabu na watu wakaenda kuununua, ulipanda, hata redio zikichelewa. Marekani Hot 100 ilichanganya ripoti za maduka na orodha za vituo vya redio, na redio ziligawanywa kwa aina ya muziki na, tuseme ukweli, kwa rangi ya waimbaji. Mwanamke mweusi aliyesema anaimba roki hakuwa na kituo cha kumpokea. Kuanzia London kulimwezesha kufika Marekani akiwa tayari ana kibao. Maduka ya huko yakaanza kuagiza santuri za Uingereza, wachezesha muziki wa vilabu wakaupeleka wimbo hadi juu ya chati ya dansi, na Capitol ilipoutoa rasmi ulifika namba 26 kwenye Hot 100. Baada ya miaka kadhaa ya kutopokelewa, simu ilitoka kwao: wanataka albamu nzima, tena upesi.

Davies alikuwa na muda wa wiki mbili hivi na bajeti ndogo, na hakuwa na mtunzi wa kumtungia. Ndiyo sababu "Private Dancer" ina watayarishaji wengi: Rupert Hine, Terry Britten, Ware na Walsh, Carter mwenyewe, na watu wa bendi ya The Crusaders kwa "Help!" ya Beatles. Karibu yote ilirekodiwa Uingereza. Kwa kawaida albamu ya namna hiyo inasikika kama kapu la mtumba, kila wimbo na sauti yake. Hii haikusikika hivyo. Waliotengeneza ala walikuwa tofauti, lakini kanuni ya Ware ilifuatwa karibu kote: vinanda chini na juu, gitaa safi lisilo na mkoromo au lililosubiri zamu yake, na katikati pameachwa wazi kwa ajili ya mwimbaji.

Davies akaanza kuzunguka kukusanya nyimbo.

"What's Love Got to Do with It" ulitungwa na Terry Britten na Graham Lyle. Mwimbaji wa pop wa Uingereza, Cliff Richard, alipewa akaukataa. Bucks Fizz, kundi la pop lililowahi kushinda Eurovision, waliurekodi mapema 1984, na rekodi yao ikakaa kabatini hadi mwaka 2000. Tina mwenyewe alipousikia hakuupenda hata kidogo. Aliuona mwepesi, wa watoto, hauna roki ndani yake. Britten hakubishana naye kwa maneno. Aliurekebisha hadi ukakaa mahali alipojisikia vizuri kuuimba, akamwomba aache kupaza.

Sikiliza kilichotokea. Mwendo ni mapigo kama 98 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Ngoma ni kavu, hazina mbwembwe. Gitaa la Britten linadondosha noti chache na kunyamaza. Ubeti wa kwanza Tina anauimba chini, karibu na kuongea, na mkwaruzo anauficha kabisa. Wimbo unazungumzia mtu anayejikinga na mapenzi kwa sababu ameshaumizwa. Kijana wa miaka 22 akiimba maneno hayo, unasikia maringo. Akiimba mwanamke wa miaka 44 kwa sauti iliyoshushwa, unasikia mtu aliyefanya hesabu zake. Katikati kuna solo inayosikika kama kinanda cha mdomo, nayo imepigwa kwa kinanda cha elektroniki; baridi yake inafaa kabisa, kwa sababu inapokwisha na Tina anarudi na kiitikio kwa nguvu, mkwaruzo wote aliouficha unatoka kwa pamoja. Wimbo umejengwa kwa ajili ya dakika hiyo moja. Cliff Richard ni mwimbaji mahiri, ila hana kitu cha kuficha mwanzoni na kukitoa mwishoni.

Kupanda kwake chati kulichukua majira yote ya kiangazi. Mwaka 1984 Billboard haikuwa na mashine za kusoma mauzo dukani. Hizo zilianza kutumika 1991. Maduka yaliripoti kwa mpangilio ni singo zipi zinaongoza, vituo vya redio vikaleta orodha zao, vyote vikageuzwa kuwa pointi. Utaratibu huo uliufanya wimbo upande kwa ngazi, na kila kituo kiliangalia jirani yake kabla ya kuongeza wimbo. Kwa hiyo ilibidi wimbo uwe hai kwa miezi, na hapo video ilisaidia: Tina anatembea mitaa ya New York kwa jaketi la jinzi, sketi ya ngozi na nywele zilizosimama, na MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki kilichokuwa kimelaumiwa kwa kuwabagua wasanii weusi, kikaipiga. Muda wote huo alikuwa barabarani akifungua shoo za Lionel Richie, huku akimalizia mikataba ya zamani ya kutumbuiza kwenye mikutano ya mauzo ya makampuni. Alikuwa na wimbo unaopanda kuelekea namba moja na bado anaimbia wauzaji kwenye kumbi za mikutano, kwa sababu alishaahidi.

Wimbo uliobeba jina la albamu una historia ndefu zaidi. Mark Knopfler, kiongozi wa bendi ya Dire Straits, aliutunga "Private Dancer" wakati bendi hiyo inarekodi "Love over Gold", iliyotoka 1982. Ala zilikuwa zimeshapigwa alipoona kwamba maneno ya mwanamke anayecheza kwa malipo hayawezi kutoka kinywani mwake. Akauacha. Davies alipouomba alikubaliwa wimbo, lakini si ile mikanda, kwa sababu za kimkataba. Ikabidi upigwe upya. Wapigaji wa Dire Straits walikuja bila Knopfler: John Illsley kwenye besi, Alan Clark kwenye vinanda, Hal Lindes kwenye gitaa, Terry Williams kwenye ngoma, na Mel Collins akapuliza saksafoni. Solo ya gitaa ikapewa mpigaji Jeff Beck. Ndiyo maana wimbo unasikika kama Dire Straits hadi pale gitaa linapoingia na kukatakata kila kitu kwa namna ambayo Knopfler asingefanya. Kwenye albamu una dakika saba na kitu. Kwa redio ulikatwa, ukafika namba saba Marekani. Tafuta ule mrefu. Mfupi unaharakisha masimulizi, na mwanamke anayesimuliwa pale hana haraka, anahesabu pesa na saa.

"Better Be Good to Me" ulitungwa na Holly Knight pamoja na Mike Chapman na Nicky Chinn. Kundi la Spider, ambalo Holly mwenyewe alikuwemo, lilishautoa mwaka 1981, na ukapita kimya. Rupert Hine aliutayarisha upya kwa ajili ya Tina, akawaita Cy Curnin na Jamie West-Oram wa bendi ya The Fixx. Hapa kanuni imelegezwa kwa makusudi: gitaa lipo, kali, lakini linapiga kwa mikato mifupi yenye mapengo, na Tina anaingia kwenye mapengo hayo. Namba tano Marekani. Wimbo huuhuu ndio uliompa Grammy, tuzo kubwa ya muziki Marekani, ya mwimbaji bora wa kike wa roki Februari 1985, usiku aliochukua pia rekodi bora ya mwaka na mwimbaji bora wa kike wa pop kwa "What's Love". Britten na Lyle nao wakaondoka na tuzo ya wimbo bora.

Orodha inaendelea. "I Can't Stand the Rain" ulikuwa wa Ann Peebles, "1984" wa Bowie, "Steel Claw" wa Paul Brady wa Ireland, aliyeutoa mwaka mmoja tu kabla. Uliotungwa kwa kumlenga Tina mwenyewe ni "I Might Have Been Queen": Jeannette Obstoj alikaa naye, akamsikiliza akisimulia maisha yake na imani yake kwamba mtu huzaliwa tena, kisha akaandika maneno. Umewekwa wa kwanza kwenye albamu, na ni sawa. Baada ya mtu kujitambulisha hivyo, hata nyimbo za kuazima zinazofuata zinasikika kama mali yake.

Albamu ilifika namba tatu Marekani, ikazuiwa na "Purple Rain" ya Prince na "Born in the U.S.A." ya Bruce Springsteen, na ikafika namba mbili Uingereza. Marekani peke yake iliuza zaidi ya nakala milioni tano.

Wengi hurudi mara moja wakapotea tena, kwa hiyo mwaka uliofuata ulikuwa na uzito wake. Davies hakukimbilia studio. Tina alikwenda Australia kuigiza Aunty Entity kwenye filamu ya tatu ya Mad Max, na wimbo wake, "We Don't Need Another Hero", ukarudishwa kwa Britten na Lyle. Kwaya ya wavulana unayoisikia mwishoni ni ya King's House School ya London. Mmojawapo alikuwa Lawrence Dallaglio, aliyekuja kuwa nahodha wa timu ya raga ya England. Wimbo ulifika namba mbili Marekani na namba tatu Uingereza. Julai 1985 akawa jukwaani Philadelphia na Mick Jagger wa Rolling Stones kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia wenye njaa. "Break Every Rule" ilipotoka 1986, "Typical Male" nao ukafika namba mbili, Phil Collins akiwa kwenye ngoma. Januari 1988 aliimba kwenye uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, mbele ya watu takriban 180,000. Aliyoyasema kwa Davies kuhusu viwanja yalikuwa yametimia kupita kiasi.

Kuna wimbo mmoja zaidi ambao unaonyesha kazi hii ikifanywa na Tina mwenyewe, bila kusubiri prodyuza amwambie. "The Best" uliandikwa na Holly Knight na Mike Chapman. Bonnie Tyler, mwenye sauti ya mkwaruzo kama yeye, aliutoa 1988 na haukufika mbali. Tina aliupenda, ila hakuuchukua kama ulivyo. Alimtaka Holly Knight aongeze daraja, yaani kipande kipya cha kuunganisha, baada ya kiitikio cha pili na apandishe ufunguo, yaani wimbo uhamie noti za juu zaidi. Ni ombi la mtu anayejua sauti yake inahitaji nini: wimbo wa awali unaanza juu na kubaki juu, hivyo kiitikio cha mwisho ni kilekile cha kwanza. Daraja linateremsha mambo na kumpa pa kushusha pumzi. Edgar Winter anapuliza saksafoni. Ufunguo unapanda, na kiitikio kinarudi kikiwa kipya. Dan Hartman na Tina waliutayarisha kwa ajili ya "Foreign Affair" ya 1989. Albamu ikashika namba moja Uingereza, singo ikafika namba tano huko na namba 15 Marekani.

Mwenye nafasi acheze matoleo hayo mawili moja baada ya jingine, la Tyler kwanza, na asikilize hasa sekunde zinazofuata kiitikio cha pili. Tyler anaendelea kupaza. Tina anashuka.